Uzi: Bushi za nyuma za Altezza, usikubali boliti zikazwe miguu ikiwa inaning'inia

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimebadilisha bushi za miguu ya nyuma ya Toyota Altezza yangu mara mbili ndani ya miezi minane. Bushi ni zile raba zenye chuma kwenye viungio vya mikono inayoshikilia magurudumu. Mara ya kwanza nilifanyiwa, mara ya pili nimefanya mwenyewe nikiongozwa na mzee mmoja fundi pale Keko, Dar. Nyuzi za Altezza ni nyingi, lakini karibu zote zinaishia kwenye injini, rimu na mziki wa egzosi. Miguu ya nyuma haina mtu wa kuisemea, na ndiyo inayowamalizia tairi. Kwa hiyo nitaandika kirefu.

Gari ni RS200 ya 2001, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Kwa asiyeijua: ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998, nje ikaitwa Lexus IS, uzalishaji ukaisha 2005. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshakula takriban miaka ishirini, na kama hakuna aliyezigusa, raba zake nazo zina umri huohuo. Oili ya injini tunabadilisha bila kukumbushwa. Raba tunazisahau mpaka zipige kelele.

Mimi nilianza kuhisi nikiwa Barabara ya Bagamoyo, natoka Tegeta naelekea Mwenge. Nikikanyaga mafuta gari inasogea kidogo kulia. Nikiachia, inarudi kushoto. Usukani sijaugusa. Nikapima upepo, uko sawa. Baada ya wiki mbili ikaanza kugonga kwenye rasta, kok kok, mlio mfupi mkavu kutoka chini ya siti ya nyuma. Nikapita juu ya flaiova ya Mfugale pale Tazara, kila ungio la daraja nasikia kok. Fundi wa kwanza akasema shokapu. Nikabadilisha shokapu. Mlio ukabaki palepale.

Kilichonifumbua macho ni tairi. Ukisimama nyuma ya gari unaziona tairi nzuri, meno yapo. Nilipolala chini nikapitisha kiganja upande wa ndani, ilikuwa kipara, na sehemu moja waya unachoma vidole. Hizo ni 215/45 za rimu 17, mnajua bei yake. Wakuu, leo hii kabla hujalala, nenda kapitishe mkono ndani ya tairi zako za nyuma. Usitazame, pitisha mkono.

Sababu ni hii. Bushi ndiyo inayoushikilia mkono kwenye krosmemba, ile fremu ya chuma chini ya gari inayobeba miguu. Ikilegea, mkono unacheza mbele na nyuma, na tairi inabadilisha uelekeo wake yenyewe: ukikanyaga mafuta inatazama huku, ukishika breki inatazama kule. Kwa hiyo nyuma inakuwa na usukani wake ambao wewe huushiki. Kwenye gari ya kusukumwa na miguu ya nyuma, barabara ikiwa na maji ya mvua za Aprili, hilo si jambo la kuchukulia poa.

Basi nikaenda gereji moja, sitaitaja na sina haja ya kuitaja. Wakaweka bushi mpya, wakanirudishia gari jioni. Ikatulia kabisa, nikafurahi. Miezi mitatu tu, kok kok imerudi. Nilirudi pale nikaambiwa barabara za Dar ndizo mbaya, na kwamba bushi nilizonunua Kariakoo ni feki.

Hapo ndipo nikapelekwa kwa mzee wa Keko. Akazifungua, akanipa moja mkononi. Ilikuwa bado nyeusi na mpya, maandishi ya kiwanda yanasomeka, lakini upande mmoja raba imeachana na chuma, mpasuko umekaa kama mwezi mchanga. Upande wa pili mzima kabisa. Nikaichukua ya mguu wa kulia, mpasuko uleule, mahali palepale. Mzee akaniuliza, "Kijana wangu, hizi walizikaza gari ikiwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa juu, kwenye jeki, tairi zimetolewa. Akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa chake cha kufutia oili, akakishika ncha mbili. Akakisokota nusu mzunguko, kisha akaniambia, "Sasa hapa ndiyo wameshakaza. Gari ishushe." Akasokota tena nusu. "Hapo hujatoka hata getini. Tuta la kwanza hilo." Akasokota tena, kitambaa kikajikunja chenyewe mikononi mwake.

Wakuu, uzi wote uko kwenye kitambaa kile. Bushi hizi hazizunguki kama beringi. Ni chuma cha nje, chuma cha ndani, na raba katikati iliyogandishwa na vyuma vyote viwili. Chuma cha nje kinakaa ndani ya mkono. Cha ndani, ukishakaza boliti, kinabanwa na masikio ya krosmemba na hakisogei tena. Mkono unapopanda na kushuka, kinachojisokota ni raba yenyewe. Pale ulipokazia boliti ndipo raba inapopahesabu kuwa kwake pa kupumzikia. Ukikaza mguu ukiwa umening'inia, basi kwake ni kule chini hewani. Ukishusha gari, raba inabaki imesokotwa usiku na mchana, hata ukiwa umeipaki na umelala. Haidumu, hata ungenunua ya dukani kwa Toyota wenyewe.

Kwa hiyo boliti zote za bushi unaziingiza, unazivuta kidogo tu zisicheze, halafu unazikaza za mwisho uzito wa gari ukiwa umekaa kwenye miguu. Gereji yenye shimo inarahisisha: shusha gari, itikise nyuma mara tatu nne ikae sawa, fundi aingie shimoni akaze. Sisi shimo hatukuwa nalo. Tulichofanya, kabla ya kufungua chochote, gari ikiwa imesimama sawa chini, nilipima kwa futi kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Yangu ilisoma sentimita 36 na nusu. Wakati wa kukaza, tairi ikiwa imetolewa, tukaweka jeki ya pili chini ya mguu tukaupandisha taratibu mpaka futi isome 36 na nusu. Hapo ndipo spana ikaingia. Usije ukapima ukiwa umeshafungua, utakuwa unapima hewa.

Mengine niliyojifunza yatatoka kwenye maswali. Karibuni.

---

Mdau wa Kimara

Mkuu asante, umenifungua. Swali: hizo bushi ngumu za rangi, nyekundu na njano, za poliyurethani, si ndiyo suluhisho? Jamaa mmoja kaniambia ukiweka hizo unasahau.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nilizifikiria sana. Uzuri wake ni kwamba hazijagandishwa na chuma cha ndani, zinateleza juu yake, kwa hiyo hilo tatizo la kusokotwa halina nguvu kwake. Ubaya ni huohuo: ikikaukiwa grisi inalia kama kitanda cha chuma, na grisi yake ni ya silikoni, si hii ya kopo la kawaida. Halafu mikono ya nyuma ya Altezza haipandi na kushuka tu, inajipinda kidogo na pembeni. Raba inakubali kupindwa kote. Ile ngumu inakataa, na nguvu inahamia kwenye masikio ya chuma. Kwa mtu wa kushindana kwenye barabara laini, sawa. Kwa mimi ninayepita Goba kila siku, nimebaki na raba ya kawaida na sijutii.

---

Fundi wa Tabata

Nasoma kwa makini. Mimi ni fundi, mwaka wa kumi na saba huu. Niseme ukweli wangu. Tumekaza gari nyingi zikiwa juu na wateja hawakurudi. Halafu mjue na upande wetu: mteja analeta gari saa tisa alasiri, anaitaka saa kumi na moja, na bei ameshakata nusu. Nani atakaa apime na futi?

Mwanzisha uzi

Fundi, heshima yako. Sikuandika kuwasema mafundi. Aliyeniokoa ni fundi. Ila kuhusu wateja kutokurudi: mimi sikurudi tena kwa yule wa kwanza baada ya kuambiwa barabara ni mbaya. Nikahamia kwingine. Kwake yeye mimi nimehesabika kama mteja ambaye gari yake ilipona.

Kuhusu muda uko sahihi kabisa, na kosa ni letu wenye magari. Kule kupima na kupandisha mguu kulituchukua kama dakika ishirini kwa pande zote mbili. Dakika hizo tuzilipie. Mwambie mteja bei ya kukaza vizuri, akikataa, ajue anachokikataa.

Fundi wa Tabata

Dakika ishirini zinalipika. Na shimo ninalo, nilikuwa nalitumia kwa kumwaga oili tu. Nitaanza na Mark X moja iliyopo hapa, imekuja mara ya pili kwa bushi zilezile. Sasa naanza kuelewa kwa nini.

---

Dada wa Kunduchi

Habari zenu. Mimi nina Mazda Roadster ya zamani, ile ya taa za kufunuka. Nyumbani ni karibu na bahari. Boliti ndefu inayopita chini kwenye mguu wa nyuma imegoma kabisa, fundi ameipiga nyundo mpaka kichwa kimefutika. Anataka kuchoma na gesi. Nimkubalie?

Mwanzisha uzi

Pole sana dada yangu. Boliti hiyo kwenye Roadster inajulikana kwa tabia hiyo, na chumvi ya Kunduchi imeisaidia. Kinachoshika si nyuzi za nati, ni mwili wa boliti umeoteana kutu na chuma cha ndani cha bushi. Ndiyo maana nati imetoka na boliti haisogei, na kila nyundo inaivimbisha ncha.

Moto pale nisingekubali. Raba ikishika inatoa moshi mbaya wa kuvuta, rangi ya mkono inaungua, na mwezi ujao kutu imeingia. Kwanza loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu, siku mbili, asubuhi na jioni. Kisha jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua, ikitoa mlio wa kupasuka ujue imeachia. Isipoachia, kata. Msumeno wa chuma mwembamba unapita kati ya mkono na sikio, unakata boliti na chuma cha bushi kwa pamoja. Bushi unatupa hata hivyo, na boliti unanunua mpya. Mpya ipake grisi mwilini kabla ya kuingia, wenzio wa baadaye watakushukuru.

Dada wa Kunduchi

Nimekuelewa kaka. Namzuia leo hii.

---

Mdau wa Mbagala

Mkuu, mimi niliambiwa nisisumbuke na bushi, niende Ilala nichukue mikono mizima ya mtumba kutoka Japani, nafunga, basi. Ni rahisi na haraka. Unaonaje?

Mwanzisha uzi

Ni haraka, na kama mkono wako umepinda kwa kuangukia shimo, huna njia nyingine. Ila jiulize mkono huo umetoka kwenye gari ya mwaka gani. Ni Altezza ileile, umri uleule, raba ileile. Unanunua uzee wa mtu mwingine. Nilipokuwa Ilala nilishika mikono kama sita. Ukiingiza bisibisi ndefu kwenye tundu la bushi na kuipinda polepole, raba nzima inanyooka na kurudi. Iliyochoka inafungua mdomo, unaona ufa unaotembea. Minne kati ya sita ilifungua mdomo. Miwili ilikuwa safi, lakini yote ya mguu wa kushoto.

Angalia pia kama imelowa oili. Difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ikivuja, oili inadondokea bushi, raba inavimba na kuwa laini kama embe lililoiva kupita kiasi. Kwa mwenye difu inayovuja: ziba kwanza sili, ndipo ununue bushi.

Mdau wa Mbagala

Na kuzitoa na kuziingiza? Kila mahali wanapiga nyundo.

Mwanzisha uzi

Presi, ndugu yangu, mashine ya kusukuma kwa nguvu. Pale mtaa wa Gerezani, Dar, wapo wenye presi, unapeleka mikono, wanasukuma ukiwa umesimama. Mambo mawili uyasimamie mwenyewe.

La kwanza, bushi nyingine si duara tupu, zina mianya miwili ndani ya raba. Mianya ile si kasoro. Upande wenye mwanya ni laini, usio na mwanya ni mgumu, na kiwanda kimeupanga kwa makusudi ili mkono ulegee upande fulani na ukaze upande mwingine. Kabla ya presi kuisukuma ya zamani, chora mstari wa rangi kwenye mkono panapoelekea mwanya, na mpya iingie hivyohivyo. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, haifutiki kwa oili.

La pili, mkono wenye masikio mawili usisukumwe bila kitu katikati. Tulikata kipande cha bomba la chuma kikaingia kati ya masikio ili yasijifunge. Yakijifunga hata milimita chache, ukirudi kwenye gari haupandi.

Kuingiza tumia maji ya sabuni. Si grisi wala oili ya injini, hizo zinaila raba. Na nilizilaza bushi kwenye friza usiku mzima, chuma cha nje kinanywea kidogo. Ziliingia bila kelele.

---

Mdau wa Kimara

Hapo kwenye jeki umenigusa. Mtaani kwetu mtu aliwahi kubanwa na gari, jeki iliteleza kwenye mchanga. Mliweka nini chini?

Mwanzisha uzi

Pole kwa hilo, mkuu. Stendi mbili za chuma chini ya bodi mahali pa kuegemea, ubao mpana chini ya kila stendi kwa sababu Keko ardhi ni mchanga, magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, na zile tairi tulizotoa tukazilaza chini ya ubavu wa gari. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Tofali usiweke kabisa, linapasuka ghafla bila kuonya.

Na mwenye BMW za E36 au E46 asinifuate kichwakichwa. Altezza springi ya nyuma imefungwa pamoja na shokapu, ukishusha mkono haikurukii. Kwenye BMW hizo springi imekaa peke yake mbali na shokapu. Ukiachia mkono bila kuubeba na jeki, inatoka na nguvu yake yote. Waya wa sensa ya ABS na mpira wa breki nao uvifungue au uviangalie visivutwe.

---

Mwanzisha uzi

Nimerudi na la alaimenti, yaani kupima na kunyoosha uelekeo wa tairi, maana watatu mmeniuliza inboksi.

Ukishabadilisha bushi, uelekeo wa tairi lazima uwe umehama. Mikono ya chini ya nyuma ina boliti zenye wosha ya yai, tundu lake haliko katikati, ukiizungusha mkono unasogea. Kabla ya kufungua weka alama ya rangi kwenye wosha na kwenye krosmemba. Alama hiyo inakufikisha kwenye mashine ya alaimenti bila gari kuyumba, ila haichukui nafasi ya mashine.

Nilienda sehemu mbili. Ya kwanza wakaweka vipimo mbele tu, wakakaza tairodi, wakaniambia "nyuma hairekebishiki". Gari yenye boliti za yai nyuma! Ya pili walikuwa na mashine ya magurudumu manne. Nyuma kushoto ilisoma inatazama nje, kulia inatazama ndani, kwa hiyo gari lilikuwa linatembea mshazari kama kaa. Yule kijana wa mashine alianza na nyuma, akazirudisha zote mbili zitazame ndani kidogo kwa kiasi kimoja, ndipo akaja mbele na kunyoosha usukani. Mfuatano ni huo, nyuma kwanza. Nami nikamwomba baada ya kugusa boliti za yai azikaze gari ikiwa imekaa kwa uzito wake kwenye mashine, na ndivyo ilivyokuwa, maana mashine ile gari inapanda na tairi zake.

Gharama ya bushi zote, presi na alaimenti haikufika bei ya tairi mbili mpya za ukubwa wangu. Tairi nilizochoma kabla ya hapo ni nne.

---

Dada wa Kunduchi

Mrejesho. Boliti imekatwa kwa msumeno, saa nzima na nusu, lakini mkono umetoka mzima. Bushi nimeagiza. Kwenye kupima nimepima gari ikiwa chini, sentimita 34 kushoto, 33 na nusu kulia. Kutofautiana ni tatizo?

Mwanzisha uzi

Hongera dada. Nusu sentimita kwa gari ya umri huo isikutishe, springi zimechoka kwa viwango tofauti. Kila upande ukaze kwa kipimo chake. Ila kabla ya kuamini, pima tena gari ikiwa kwenye sakafu iliyonyooka na bila mzigo kwenye buti.

Fundi wa Tabata

Dada, ukikwama njoo unione Tabata, shimo lipo wazi. Ile Mark X nimeishusha leo, nimekaza kutoka chini. Mwenyewe ameondoka nayo saa kumi na mbili jioni, nimemwambia arudi baada ya miezi mitatu tuzitazame raba pamoja. Nitaweka picha hapa.